Sura ya Sita: Mkongwe Asiye na Breki

"Wale wa barafuni wakitaka kusimama hufanya nini?"

Swali hili huulizwa kwenye steji za bodaboda hapa Mishomoroni, Mombasa, kila video ya mbio za pikipiki juu ya barafu inapopita kutoka simu moja hadi nyingine. Wanaouliza ni watu wanaoshinda kutwa wakibeba abiria kwenda Bombolulu, Mlaleo na Kiembeni. Wanajua mchanga uliomwagika juu ya lami humfanya nini mtu anayekata kona. Wanajua tofauti ya breki ya mbele na ya nyuma barabara inapokuwa imelowa. Ukiwaambia kwamba iko pikipiki ya mashindano isiyo na breki hata moja, inayopita kilomita 100 kwa saa juu ya maji yaliyoganda, wanakukazia macho na kutaka maelezo.

Baada ya swali hilo huja la pili, na kwangu ndilo zito zaidi: kazi kama hiyo mtu anaweza kuifanya kwa miaka mingapi kabla haijammaliza?

La kwanza linahusu mashine na halina jibu refu. La pili linahusu maisha ya mtu, na ndilo nitakalolikalia.

Pikipiki yenyewe ikoje

Mbio za barafuni ni mchezo wa nchi za baridi, hasa Urusi na Uswidi, ingawa hukimbiwa pia Ujerumani, Austria na Uholanzi. Ubingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja ulianza mwaka 1966 chini ya FIM, yaani shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki. Uwanja una umbo la ule wa riadha: pande mbili zilizonyooka na kona mbili. Mara nyingi ni uwanja uleule wanaoutumia watelezaji wa viatu vya barafu, kama ule wa Heerenveen kule Uholanzi.

Waendeshaji wanne hupanga mstari, kamba ya kuanzia inaruka, nao huzunguka mara nne, daima wakikata kushoto. Raundi nzima humalizika kwa kama dakika moja. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho haondoki na kitu. Katika utaratibu uliozoeleka, washindani 16 hupangwa kwenye raundi 20 ili kila mmoja akutane na kila mwenzake. Kila mtu hukimbia mara tano, kwa hiyo asiyeshindwa hata mara moja hupata pointi 15.

Injini ni ya silinda moja, ya ujazo wa 500cc. Bodaboda nyingi za hapa kwetu ziko kati ya 100cc na 150cc. Badala ya petroli huchoma methanoli, aina ya spiriti inayoipa injini nguvu nyingi bila kuichemsha kupita kiasi. Gia ni mbili tu. Na breki, kama nilivyosema, hakuna.

Ukiwaza kidogo utaona ni kwa nini. Waendeshaji wanne wamebanana kwenye kona, wote wanakwenda upande mmoja. Mmoja wao akishika breki ghafla, aliye nyuma yake atampanda. Kwa hiyo sheria imeiondoa kabisa, na kila mtu anajua kwamba hakuna wa mbele atakayesimama bila kutarajiwa. Anayetaka kupunguza mwendo huachia mafuta, na injini yenyewe ndiyo inayoishika pikipiki. Ukingoni mwa uwanja hupangwa marobota ya kumpokea aliyepotea njia. Mkononi mwa mwendeshaji kuna kamba iliyounganishwa na injini: akianguka, kamba inachomoka na injini inazimika palepale.

Msumari na barafu

Sasa kwa nini hawatelezi? Mtu yeyote aliyewahi kununua pande la barafu la kuhifadhia samaki ameona linavyokimbia sakafuni likisukumwa kidogo tu. Juu kabisa ya barafu kuna utando mwembamba usioshikamana vizuri, unaofanya kazi kama maji. Msuguano, yaani ile nguvu inayotokea vitu viwili vinaposuguana na inayouzuia mguu kuteleza, unakuwa mdogo mno. Mpira wa tairi hapo hauna cha kushika.

Dawa yake ni chuma. Tairi la pikipiki ya barafuni hutobolewa na kuingizwa misumari yenye urefu wa karibu sentimita tatu, iliyochongoka. La mbele huwa na kama misumari 90, la nyuma kuanzia 200 na kuendelea. Kwa kuwa mbio zote ni za kukata kushoto, misumari hupangwa kuitumikia kona hiyo. Msumari hauhangaiki na utando wa juu. Unaupita, unazama ndani ya barafu ngumu na kuuma.

Ndiyo maana hawa jamaa hulala mno kwenye kona. Pikipiki inainama hadi ncha ya kushoto ya usukani karibu iguse barafu, na goti la kushoto, lililofungwa vipande vya mpira mzito, linaburuzika chini. Katika mbio za kawaida za uwanja wa udongo, mwendeshaji huliacha tairi la nyuma liteleze kwa makusudi ili limgeuze. Barafuni hakuna kuteleza. Misumari inashika, na anayeshindwa kulala vya kutosha hutupwa nje.

Misumari hiyohiyo inayomshikilia mwendeshaji ndiyo inayoweza kumrarua mwenzake. Kwa sababu hiyo madigadi zao ni kubwa na zinafunika karibu tairi lote. Nimeziona picha za magurudumu hayo kwa karibu na sioni haja ya kueleza zaidi.

*Kwa ufupi hadi hapa: breki imeondolewa kwa ajili ya usalama wa kundi zima, misumari inafanya kazi ambayo mpira hauwezi, na mwendo hupunguzwa kwa mkono wa mafuta. Basi kila kitu kinategemea ule mkono, na jicho linaloutangulia.*

Mswidi aliyeshinda akiwa amepita miaka hamsini

Majina makubwa ya mchezo huu yana rekodi za kushangaza. Gabdrakhman Kadyrov, kutoka mji wa Ufa katika uliokuwa Muungano wa Kisovieti, ndiye bingwa wa kwanza kabisa wa mwaka 1966, na kufikia 1973 alikuwa ameuchukua ubingwa mara sita. Sergey Tarabanko aliushika miaka minne mfululizo, kuanzia 1975 hadi 1978. Kisha akaja Nikolay Krasnikov, naye wa Ufa, akashinda miaka minane mfululizo, 2005 hadi 2012. Mji mmoja wa Urusi, ambao wengi wetu hatukuwahi kuusikia, umetoa mabingwa wawili wakubwa kuliko wote.

Hata hivyo, kwa swali letu la pili mtu wa kumtazama ni Per-Olof Serenius wa Uswidi, anayeitwa Posa. Alizaliwa mwaka 1948. Ubingwa wake wa kwanza wa dunia aliupata mwaka 1995, akikaribia miaka hamsini, umri ambao wanamichezo wengi wameshakuwa makocha au wameacha kabisa. Wa pili aliupata mwaka 2002. Piga hesabu. Alikuwa ameshaipita hamsini, na kati ya aliowashinda walikuwamo vijana ambao wangeweza kuwa wanawe.

Simtaji hapa kama kioja. Ningesema ni kioja kama angeshinda mara moja, katika siku ya bahati, wapinzani wakiwa wameanguka. Lakini ubingwa wa dunia hauji kwa raundi moja, na kati ya wa kwanza na wa pili ilipita miaka saba. Mtu huyu alikuwa anajua kitu.

Kitu chenyewe

Kwa maoni yangu, jibu liko kwenye barafu yenyewe. Watu hudhani uwanja wa barafu ni kitu kimoja kisichobadilika. Raundi ya kwanza ni laini kama kioo, ni kweli. Lakini kila raundi mamia ya misumari huichimba. Mifereji inatokea kwenye kona. Unga wa barafu unarushwa na kujikusanya upande wa nje. Matrekta hupita kusawazisha, maji humwagwa yagande upya, halafu kuchimbana kunaanza tena. Jua likitoka mchana barafu inalainika, jioni inakuwa ngumu kama mawe. Njia iliyokuwa ya haraka saa saba inaweza kuwa mtego saa tisa.

Kijana mwenye nguvu anaingia kwenye kona palepale alipoingia mara iliyopita, kwa kasi ileile. Mkongwe ameshautazama uwanja wakati wengine wanakimbia, na anajua kwamba sasa inafaa apite hatua mbili nje zaidi na aachie mafuta mapema kidogo, kwa sababu mfereji wa ndani umeshakuwa mrefu na utamtupa.

Kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulisahau sisi tunaoishi kwenye joto mwaka mzima. Msimu wa barafu ni mfupi. Mashindano yote makubwa yamebanwa katika miezi michache ya baridi. Mchezaji mpira hucheza wiki baada ya wiki karibu mwaka wote, na akifika miaka ishirini na mitano ameshaona karibu kila kitu ambacho uwanja unaweza kumwonyesha. Wa barafuni hukusanya ujuzi kwa vijiko vidogo. Mvua ya theluji, barafu iliyolainika, taa hafifu, baridi inayofisha vidole: kuyaona yote hayo mara za kutosha hadi mkono uitike wenyewe huchukua misimu mingi. Hivyo miaka inayomwondolea mtu wepesi ndiyo inayomlipa ujuzi, na katika mchezo wa raundi ya dakika moja, ujuzi unaweza kukaa juu kwa muda mrefu sana.

Nikiyaweka pamoja, mambo yanayomdumisha mkongwe wa aina hii ni haya:

- Kuisoma ardhi kabla ya kuikanyaga, na kukubali kwamba ya leo si ya jana.
- Kuachia mafuta mapema, wakati bado ana nafasi ya kuchagua.
- Kujua raundi ya kuridhika na pointi mbili. Pointi tatu za kulazimisha zinaweza kugharimu msimu mzima.
- Kuikagua mashine mwenyewe, msumari kwa msumari.

Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote kwa kijana, na sijui kama linafundishika. Nadhani linapatikana kwa kuanguka na kunyanyuka.

Simba wetu na tope

Hapa Kenya hatuna barafu ya kukimbilia pikipiki. Kule Nairobi, hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa ilijenga uwanja mdogo wa ndani, na humo vijana wa timu ya Ice Lions wakajifunza mpira wa magongo wa barafuni. Pia tunaye Philip Boit, mkimbiaji wa Bonde la Ufa aliyepelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1998 aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, katika kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki mstarini kumsubiri amkumbatie. Wengi wanajua sehemu hiyo tu. Wachache wanajua kwamba Boit alirudi tena mwaka 2002 huko Salt Lake City, na tena mwaka 2006 huko Torino. Mtu anayeshindana Olimpiki mara tatu kwenye theluji ambayo nchi yake haina ni mkongwe kwa kila kipimo ninachokijua.

Lakini kwa upande wa injini na ardhi inayoteleza, barafu yetu ni tope, na mkongwe wetu ni Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akakulia kwenye gereji ya baba yake. Kabla ya kujulikana kwa kasi, alijulikana kwa kutengeneza magari. Alikimbia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Pasaka ambayo kwa miaka mingi yalipita barabara za vumbi na tope za Afrika Mashariki. Tangu 1959 hadi 1980 alishiriki mara 22, na mara 19 alifika mwisho.

Tafadhali usiipite namba hiyo haraka. Safari ya siku zile iliyavunja magari mengi kuliko iliyoyafikisha. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 mvua ilinyesha hadi barabara zikawa mito, na tena wakamaliza saba. Joginder alikuwamo kati ya saba wa mara zote mbili.

Mwaka 1965 alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant, kwenye Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kabla yake. Mwaka 1974 alishinda tena, sasa na Mitsubishi Lancer, akimwacha nyuma Björn Waldegård wa Uswidi aliyekuwa na Porsche. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu, akawa mtu wa kwanza kuichukua Safari mara tatu. Kati ya ushindi wa kwanza na wa pili ni miaka tisa. Watu walimwita Simba wa Kenya.

Ukimweka kando ya Serenius utaona wanafanana. Wote wawili walishinda kwa kutengana miaka mingi, kwenye ardhi inayobadilika chini ya gurudumu. Fundi aliyelelewa gereji anasikia mlio wa gari unapobadilika kabla mshale haujapanda kwenye saa. Anajua chuma kinavumilia nini, na wapi hakivumilii. Naamini zile mara 19 zilitoka huko kuliko zilivyotoka kwenye ujasiri. Wajasiri walikuwa wengi, na magari yao yalibaki porini.

Hapa Mishomoroni, mvua ikinyesha

Narudi kwenye steji, maana wenye swali wako hapa na jibu linawahusu.

Mvua za masika zikishuka, njia za ndani za Mishomoroni zinazoteremka kuelekea upande wa maji hugeuka tope. Dereva wa bodaboda ambaye amekaa kazini miaka mingi utamjua siku hiyo. Haongezi mbwembwe. Anashusha gia kabla ya mteremko, anaiacha injini imshike, breki ya mbele haigusi. Akifika kwenye dimbwi asilolijua kina chake anasimama na kumwambia abiria, "Mama, shuka hapa kidogo, nikuvushie mzigo kwanza." Abiria mwingine hununa. Kijana mgeni akitaka kupita kwa kasi, utasikia mkubwa akimwita, "Mdogo wangu, hapo pana shimo, pita huku." Shimo lenyewe halionekani. Analijua kwa sababu alilipita kabla ya mvua.

Huyo anafanya hasa anachofanya Mswidi kwenye kona yenye mifereji: anaisoma ardhi, anaachia mafuta mapema, anakubali kuchelewa. Tofauti ni kwamba wa Uswidi hupewa kikombe, na wa hapa hupewa nauli ileile anayopewa aliyeanza kazi juzi.

Jambo hili linanikera, nami nalisema wazi. Tumeizoea bodaboda kama kazi ya kupitia, kitu cha kufanya ukisubiri kazi "ya kweli". Mtu akikaa humo miaka kumi na mitano, watu humwonea huruma. Hawamuulizi anajua nini. Mafunzo yetu ya udereva huishia kwenye leseni, kana kwamba siku ya kupewa leseni ndiyo siku ya kujua. Lau kila steji ingewapa wakongwe wake kazi ya kuwakalisha vijana wapya pembeni, hata kwa wiki moja ya mvua, na vijana hao wakalipia mafunzo hayo kupitia chama chao, tungekuwa tumeitambua elimu ambayo tayari ipo barabarani na inapotea kila mkongwe mmoja anapouza pikipiki yake.

Vijana huniuliza kama wao wenyewe wangeweza kuendesha barafuni. Nawaambia mikono wanayo. Kulala kwa upande kungewachukua muda, na baridi ingewatesa kuliko misumari. Lakini anayejua kuachia mafuta kabla ya tope ameshajua nusu ya kazi.

Siku ya kuacha

Imebaki sehemu moja ya swali: mkongwe huachaje?

Hakuna njia moja. Krasnikov alifunga ukurasa wa ubingwa wake mwaka 2012 akiwa juu kabisa, na mara ya mwisho jina lake linapoonekana kwenye orodha ya mabingwa ni kwa ushindi wa nane mfululizo. Serenius alichukua njia iliyo kinyume chake: alikaa kwa muda mrefu kiasi kwamba kilele kilimjia uzeeni. Joginder alikimbia Safari yake ya mwisho mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 48, miaka minne baada ya ushindi wa tatu. Alifariki London mwaka 2013, akiwa na miaka 81.

Watatu hawa walishika mashine ambazo kosa la sekunde moja lingeweza kuwaua, kwa miaka mingi, na kila mmoja aliondoka kwa miguu yake. Kwa yule kijana wa steji anayeuliza kazi hii inamwacha mtu na nini, hilo ndilo ningemwonyesha kwanza, kabla ya vikombe.